Pango la Kilema Nililosema Liko Salama

Paa likianguka, nani atakuwa ameua? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima nyumbani kwetu Pasua, mjini Moshi. Krismasi iliyopita, ukoo ulipopanda Kilema kama ilivyo ada yetu, Baba mdogo alinipeleka kwenye pango lililo ndani ya kihamba chake, shamba alilorithi, chini ya migomba. Niliingia na tochi ya simu, pombe ya mbege ikiwa tayari kichwani, nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikatoka na kutangaza mbele ya watu wote: "Liko salama." Nina shahada ya jiolojia na sijapata kazi tangu nihitimu. Siku ile nilitaka tu ionekane kwamba sikusoma bure.

Kisha mama akaniambia kwamba Baba mdogo ameng'oa kahawa ya upande ule wote, amechonga njia, na watalii wameanza kuja. Nikaamua kwenda kulitazama upya.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Moshi. Nilishuka Himo nikachukua bodaboda. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni.

"Dada, unaenda kwenye lile pango la msomi?" dereva aliuliza.

"Msomi gani?"

"Kuna binti wa ukoo ule kalipima na mashine. Hata tembo acheze ngoma juu yake, halitikisiki."

"Mashine gani?"

"Mimi nitajulia wapi? Ya chuo."

Nilihesabu watu ambao huenda wamelisikia neno langu, nikaacha nilipofika kwa nisiowajua.

Saa mbili na nusu tulifika. Baba mdogo alikuwa anafagia njia.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, injinia wetu!"

"Mimi si injinia."

"Kwa wageni ni injinia. Usinivunjie soko." Akacheka, akanionyesha ubao aliouandika kwa rangi nyekundu: LIMEPIMWA.

Mama mdogo alinipa bakuli la mtori. Nilikunywa nusu, nikaomba kofia ngumu, nikaingia peke yangu.

Pango lile halikuchimbwa na mtu. Zamani uji wa moto wa volkano ulitiririka hapa. Juu ukaganda, chini ukaendelea kukimbia hadi ukaisha, ukaacha bomba tupu la mawe meusi. Ndani kuna baridi, na mizizi imepenya darini kama nywele. Hatua kama ishirini hivi kutoka mlangoni nilikuta jiwe kubwa katikati ya njia. Upande mmoja lilikuwa na vumbi la miaka; upande wa pili lilikuwa jeusi, linang'aa, halijaguswa hata na kuvu. Nikainua tochi. Darini kulikuwa na ufa ambao ngumi yangu ingeingia.

Nilitoka moja kwa moja hadi kwa Baba mdogo.

"Lile jiwe lilianguka lini, Baba mdogo?"

"Juzi. Ni uzee tu, hata mimi meno yananitoka." Kisha akanisogelea, akapunguza sauti. "Mwanangu, kahawa nimeshang'oa. Sina pa kurudi. Wageni wa leo waambie maneno mawili tu, ya kitaalamu."

Nilitazama mikono yake iliyochubuka kwa kuchonga ngazi zile. Nikasema nina miadi mjini. Huo ndio ukweli wa safari hii: niliuona ufa, nikaaga.

Saa tano nilikuwa nateremka kwa miguu. Karibu na kanisa la misheni gari la watalii lilinipita likipanda, nyuso sita dirishani, mmoja akanipungia mkono. Nami nikampungia! Chuoni nilifunzwa majina ya miamba yote, lakini kusema "sijui" mbele ya watu nilijifunza pale kandokando ya barabara, nikiwa nimechelewa.

Niligeuka nikakimbia. Kwenye mpaka wa kihamba cha jirani nilichuma jani la sale, nikalifunga fundo. Huku kwetu, anayeletewa sale na mkosaji hawezi kumkatalia msamaha, hata kama moyo wake unakataa.

Nilifika wageni wakivaa kofia. Nililishika jani kwa mikono miwili, nikapiga goti mbele ya Baba mdogo.

"Nisamehe. Sikulipima. Niligonga ukuta kwa kidole tu. Paa lina ufa."

Alilitazama jani, kisha akautazama ubao wake.

"Mzee, vipi? Wageni wanasubiri," kiongozi wao aliuliza.

Baba mdogo alilipokea jani. Hakunitazama. Aliingia migombani, akaniacha nimepiga goti.

Niliinuka, nikasimama katikati ya mlango wa pango, nikamwambia kiongozi awarudishe watu wake kwenye gari.