Kava Niliyoitoa Nje Kuiangalia Juani

Nitegee sikio, wewe unayetaka kununua kava yenye kibodi kwa ajili ya tableti yako. Si jambo gumu, na tukienda pole pole utachagua vizuri kuliko nilivyochagua mimi. Mimi kazi hiyo ilinitoa meno mawili na kunivunja ubavu, mjini Nyeri, saa nane mchana.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama cha wafugaji upande wa Endarasha. Kumbukumbu za mikutano niliziandika kwenye tableti niliyojinunulia, na kuandika kwa kugusa kioo kulikuwa kumenishinda. Vidole vyangu ni vinene, na baridi ya asubuhi huko kwetu Kieni huvikausha kama kuni. Nikashuka mjini kutafuta kibodi.

Nilibeba tableti yenyewe. Nawe ubebe yako, usiende na vipimo vya kukisia. Mama mwenye duka dogo la vifaa vya simu alinitolea kava tatu. Ya kwanza ilikuwa pana, tableti ikicheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti la baba yake. Ya pili ilibana vizuri, ila tundu la kamera lilikaa pembeni, na kibodi yake ilitaka kuchajiwa peke yake kila mara. Ya tatu ilishikwa kwa sumaku, pini ndogo za chuma zikagusana, na nilipobonyeza kitufe herufi ikatokea papo hapo.

"Hii imekubali, baba," mama akasema.

"Lakini herufi zake ni za kijivu. Sisi hufanyia mikutano nje, kwa jua."

"Basi toka hapo mlangoni uangalie. Mimi napanda stoo juu nikutafutie ya herufi nyeupe. Nadhani niko nayo moja."

Akapanda ngazi. Mimi nikatoka. Mlangoni kulikuwa na kivuli cha baraza, na kivulini huwezi kujua lolote kuhusu jua, kwa hiyo nikasogea mpaka ukingoni mwa barabara. Tableti yangu ilikuwa ndani ya kava, na karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia. Nikainamisha kichwa, nikafurahi. Herufi zilionekana.

"Wee mzee! Mwenye duka hayuko na unatoka na mali?"

Alikuwa mwuza viatu wa hapo barazani. Nikamwonyesha nilichoshika, nikicheka kidogo. "Naangalia tu, ndugu yangu."

"Ati unaangalia?" Akanikamata kola. "Unaangalia ukienda wapi?"

Kisha akapaaza lile neno moja: mwizi.

Pigo la kwanza lilitoka nyuma. Mwendesha bodaboda alinipiga kisogoni kwa helmeti, nikajiuma ulimi. La pili lilikuwa la mdomo, na ndilo lililotoa meno. Sikuanguka mara moja. Walinisimamisha kwa koti ili kila mtu apate nafasi yake. Ngumi ya sikio, teke la goti, kofi, kisha kitu cha chuma ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini.

"Mzee mzima, mvi kichwa mzima!"

"Hawa ndio wabaya. Hakuna mtu huwashuku."

"Vunja hiyo mkono! Vunja!"

Mtu akakanyaga mkono wangu wa kushoto, nikasikia kidole cha mwisho kikilia. Mwanamke aliyebeba kikapu cha maparachichi alikiweka chini kwa uangalifu, akachukua mwavuli, akanipiga nao usoni. "Hii ni ya simu yangu waliniibia juzi!" Sikuwa nimewahi kumwona. Alipomaliza, akaokota kikapu chake.

"Tairi iko wapi? Leteni tairi!"

"Petroli iko kwa piki yangu."

Hapo nilielewa kwamba nakufa. Nilikuwa nimelala kwenye vumbi, tableti nimeikumbatia tumboni, na kadiri nilivyoikumbatia ndivyo walivyoamini kwamba ni ya wizi.

Aliyewazuia kidogo alikuwa mwenye bucha, bado na koti lake jeupe lenye damu ya ng'ombe. Alisimama juu yangu, akapanua miguu. "Ngojeni! Kama ni yake, si aifungue? Guka, babu yangu, fungua hiyo kitu."

Nikaweka kidole gumba mahali pake. Kioo kilikataa, kwa sababu kidole kilikuwa chekundu mpaka kiganjani. Nikakipangusa kwenye suruali, nikaweka tena. Kikakataa.

"Si tulisema!"

Teke likaingia ubavuni, na ubavu ukavunjika. Nilisikia kwa masikio, kama kijiti. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, la pili lilikuwa limejaa damu.

"Kuna neno la siri," nikasema. "Niacheni niandike."

"Ataandika aje na haoni?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

Nieleze hapa kitu kitakachokusaidia. Kwenye kibodi nzuri, herufi F na J huwa na kinundu kidogo unachokisikia kwa ncha ya kidole. Ukivipata viwili hivyo, unajua herufi zote zilipo. Nilijifunza kuchapa kwenye taipureta, mwalimu akifunika mikono yetu kwa kitambaa. Nikapapasa, nikapata kinundu cha kulia, nikapata cha kushoto, nikaandika herufi nane.

"Imekataa," mwenye bucha akasema.

Kidole changu kilichovunjika kilikuwa kimegusa mahali pengine. Nikasikia mawe yakiokotwa.

"Mara moja tena," nikamwambia. "Tafadhali, baba."

Nilimwita baba, mtu niliyemzidi umri kwa miaka mingi. Nikakunja kidole kibovu, nikaandika polepole kwa kile cha pete.

Mwenye bucha akainamia kioo. Halafu akasema, "Ni yeye. Huyu hapa kwa picha, na ng'ombe. Na hii koti ndiyo hii."

Mikono ikalegea. Lakini mwuza viatu hakutaka kushindwa mbele ya watu. "Sawa, tableti ni yake. Na kava? Si hii bei inaning'inia hapa? Kava ni ya nani?"

Nikasema ni ya mama, na kwamba ameniruhusu, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Wakaanza upya. Jiwe lilinipata begani, na mwenye bucha akasukumwa kando. Nilijikunja, nikafunika kichwa, nikaanza kusali.

Kilichowakatiza kilikuwa sauti ya mama akishuka ngazi huku akipiga mayowe.

"Ni mimi nilimwambia atoke! Ni mimi! Mnaua kastoma wangu?"

Aliingia katikati yao akiwapiga kwa boksi la kava ya herufi nyeupe, kushoto na kulia, mpaka boksi likapasuka. Mwuza viatu alimpiga kofi ambalo lilisikika. Mama akanilalia mwili mzima, na hakuna aliyethubutu kurusha jiwe tena.

Kisha wakatawanyika. Haikuchukua muda. Aliyetaka tairi alitazama simu yake kama aliyekumbuka safari.

"Pole, mzee," mwuza viatu akasema, ameshika shavu lake lililopigwa na boksi. "Si ungesema."

"Nilisema."

"Hukusema na nguvu."

Mwendesha bodaboda alisogeza pikipiki, akajitolea kunipeleka hospitali. Helmeti yake ilikuwa bado na damu yangu. Hakuna mwingine aliyejitolea, na mimi sikuweza kusimama, kwa hiyo walinipakia nyuma yake, mama akakaa nyuma yangu ili nisianguke. Njia nzima aliendesha polepole sana, akikwepa kila shimo.

Sasa najua kuchagua, na nawe unaweza. Pima ukubwa kwa tableti yenyewe, tazama tundu la kamera, papasa vile vinundu viwili. Na usiogope kutaka kuiona kwa jua, kwani ni haki yako kama mnunuzi. Ila kabla hujavuka mlango, mpe mwenye duka kava hiyo mkononi mwake, mwambie atangulie nayo nje, nawe umfuate nyuma.