Metre Godelive na Rufaa ya Kiongozi wa Kwaya

Jambo la kwanza ambalo Irambona aliliona kwa Metre Godelive, Metre likiwa jina Wakongo wanalomwitia wakili, ni kwamba alikataa kuishika simu. Irambona alikuwa amemnyooshea kwa mikono miwili, ujumbe wa wakili ukiwa wazi kwenye kioo, na mama yule mwembamba akageuza uso pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

"Hii simu ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya kwangu, Mama Metre."

"Basi unisomee weye," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako watu huitwa bantu. "Mambo ya bantu ingine iko mule ndani, na bale bantu habakuniruhusu."

Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya usipa, dagaa wa Ziwa Malawi, katika soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba la maji hawakumwacha salama.

"Leo avoka anauza usipa," mmoja alipaza sauti. "Kesho juge atatukaangia mandazi!"

"Akuje," Godelive alijibu bila kuinua kichwa. "Nitamununulia ya kwanza, nione kama anajua kukaanga kuliko kukata kesi."

Foleni nzima iliangua kicheko, isipokuwa Irambona. Kaka yake, Ntirampeba, alikuwa gerezani kwa kosa la kuiba pesa kwa njia ya simu, na ujumbe ule ulisema kwamba rufaa yake ingesikilizwa Lilongwe.

Ntirampeba hakuiba. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya Warundi, na katika kwaya ile kulikuwa na desturi: anayefika kambini bila kitambulisho huazimwa jina. Ntirampeba alikuwa na kitambulisho cha mkimbizi kabla ya wenzake, kwa hiyo kila mgeni aliyejiunga na kwaya alisajiliwa laini ya simu kwa jina la Ntirampeba. Kijana mmoja, Rodrigue, aliyeimba sauti ya chini, akaitumia laini aliyosajiliwa hivyo kumtapeli mfanyabiashara wa soko la Tsoka, kisha akashika njia ya Afrika Kusini. Polisi waliiomba kampuni ya simu orodha ya miito ya laini hiyo, yaani simu zote zilizopigwa, nayo ikawapa hivyo hivyo, bila amri ya mahakama. Wakamwonyesha Ntirampeba orodha hiyo na kumuuliza laini ni ya nani. Aliwafikiria akina mama wote waliokuwa wakizungumza na watoto wao walioko mbali kwa laini zenye jina lake. Akieleza ukweli, zote zitafungwa. Akasema ni yake. Mbele ya hakimu wa kwanza alisema vilevile.

"Tumwambie juge mukubwa kwamba ni Rodrigue," Irambona alisihi. "Kwaya yote itashuhudia."

Godelive alitikisa kichwa. "Kwenye rufaa habasikilize bantu tena, mwana wangu. Banasoma kile kiliandikwa kule chini. Ni kama kanzu yenye ilishonwa mubaya. Unaweza kufumua, lakini kitambaa ingine habakupe."

Kidogo kidogo, wakichambua usipa pamoja, Irambona aliyajua maisha yake. Kule Bukavu, Godelive alianza kama mwanasheria katika ofisi ya kusimamia mawasiliano. Alitoa leseni za redio, akasaidia kuandika kanuni kwamba kila laini iwe na jina la mtu. Aliiamini kanuni hiyo. Kisha kampuni moja ilitoa orodha ya miito ya mwandishi wa habari, na watu aliowapigia wakaanza kutafutwa nyumbani mmoja mmoja. Godelive aliacha kazi, akafungua ofisi yake, akawa anazishtaki kampuni zilizotoa siri za wateja. Alishindwa mara nyingi katika mahakama za chini na kushinda mara chache katika rufaa. Baadaye walianza kumtafuta yeye pia, akakimbilia Malawi. Malawi haikumpa leseni ya uwakili, na mitihani ya kuipata ilikuwa mbali na uwezo wake. Sasa mtu mwema alikuwa gerezani kwa sababu huku nako, kwa kanuni kama ile aliyoiandika, kila laini ina jina.

Hoja za rufaa aliziandika yeye, lakini wa kuzisema alikuwa Bwana Kachingwe, wakili wa Lilongwe aliyetuma ule ujumbe, mtu mpole aliyelemewa na kesi. Siku ya kusikilizwa, baada ya kuhangaikia kibali cha kutoka kambini, wanawake hao wawili walikaa benchi la nyuma. Godelive alikuwa amevaa koti jeusi lililopauka mabegani. Irambona hakujua Kiingereza, kwa hiyo Godelive alimtafsiria kwa kunong'ona.

Kachingwe alieleza vizuri kwamba orodha ilichukuliwa kinyume cha sheria. Jaji akainua macho.

"Anauliza," Godelive alinong'ona, "hata kama orodha ilichukuliwa mubaya, si mutu mwenyewe alisema laini ni yake? Sasa kunabakia nini?"

Kachingwe alipekua karatasi zake. Akapekua tena. Irambona aliuona mkono wa Godelive ukishika benchi la mbele hadi vifundo vya vidole vikatokeza.

"Jibu unalijua, Mama?"

"Ninalijua. Balimuuliza juu ya ile orodha. Orodha ikiondoka, na ile jibu inaondoka nayo."

"Simama basi! Useme!"

"Siruhusiwi." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Hapa mi ni mutu wa kuangalia tu."

Kachingwe aliomba msamaha, akaomba nafasi ya kuongeza maandishi. Jaji alimpa siku chache, kwa sauti ya mtu asiyetarajia mengi. Godelive aliyaandika maelezo hayo sokoni, mezani pake, akiwaacha wateja wajipimie usipa wenyewe. Yalikuwa mafupi. Kachingwe aliyawasilisha bila kubadilisha neno, lakini alionya kwamba jaji huyo alijulikana kwa kutosamehe aliyekiri.

Asubuhi ya hukumu mvua ilinyesha Lilongwe. Gari la magereza lilifika, na Ntirampeba akateremka akiwa amekonda sana, shingo ikipwaya ndani ya kola. Alimwona dada yake, akatabasamu, kisha akapelekwa ndani kwa mlango mwingine.

"Akisema hapana, kuko mahakama ingine juu ya hii?" Irambona aliuliza.

"Iko. Lakini njia yake ni ndefu, na kaka yako anakohoa."

Karani alitoka, akatangaza kwamba jaji angali anasoma na watu wasubiri. Kachingwe alitazama saa. Godelive alifunga vifungo vya koti lake, akavifungua, akavifunga tena. Irambona alimshika mkono. Kutoka ndani walisikia kiti kikivutwa, watu wakisimama, na karani akaanza kuita majina ya kesi, la kwanza, la pili, nao wangali wanangoja la kwao.