Tangi la Maji ya Mvua

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, ulimi wangu hukimbilia meno ya mbele. Ni meupe, na ndiyo mali pekee niliyotoka nayo Bondeni, mtaa wetu wa Nakuru, ukiacha shahada ambayo haijawahi kuezeka nyumba.

Miaka ile ya hamsini, maji ya bomba pale Nakuru yalitia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mama, mzaliwa wa Mombasa, aliapa kwamba wanawe hawatakuwa hivyo. Baba alikuwa fundi mwashi, akamjengea tangi la saruji nyuma ya nyumba, wazi juu, likikinga mvua ya paa. Tuliyanywa maji yale tukijiona watoto wa sultani.

Masika yalipopungua, alikuja mtu wa baraza la mji akimwaga mafuta kwenye madimbwi ili kuua viluwiluwi vya mbu. Mama akalifunika tangi kwa mkeka, akaketi kando yake akimenya viazi vya Dundori.

"Mama, chini ya mkeka kuna nini?" mtu yule akamuuliza.

"Maji ya kunywa ya wanangu. Utayatia mafuta?"

"Basi tafuta wavu ulifunike. Mbu analeta malaria."

"Hiyo malaria ni ya Mombasa! Hapa kwa baridi hii, mbu mwenyewe anatetemeka. Pita kwa jirani, mzee."

Majirani walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda. Alipopinda kona tu, mkeka ukaondolewa ili mvua iingie.

Kisha mdogo wangu Zuhura akaanza kutetemeka. Mama akasema ni baridi ya Nakuru, akamfunika mablanketi, akamnywesha chai ya tangawizi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hatutambui tena. Tulimzika Ijumaa.

Baada ya arubaini, Mama alitoka na taa ya chumbani, akaifungua, akamimina mafuta yote ndani ya tangi. Rangi za kila namna zikatanda juu ya maji.

"Mama, na meno yetu?"

"Mtakunywa ya bomba."

Nilidhani huzuni imemfanya aharibu mafuta. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alichora kiluwiluwi kikipumua juu ya maji, akaeleza jinsi mafuta yanavyokiziba pumzi. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini.

Saidi, kitinda mimba wetu, alizaliwa baada ya hapo. Meno yangu yalikuwa yameshakomaa; yake ni ya kahawia. Kila alipocheka, Mama aliacha kazi yoyote aliyoishika, akamtazama mpaka amalize.