Mtani Niliyemfukuza Msibani

Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu mpya Makanyagio, na kejeli nilikuwa naijua kwa chaki. Niliandika ubaoni: kejeli ni kusema kinyume cha unachomaanisha ili kumsuta mtu. Darasa zima likanakili, nami nikajiona msomi kwelikweli.

Kisha baba yangu akafariki. Nilifika nyumbani Kabungu kwa baiskeli nikakuta wameshamzika, na mama ameketi mkekani siku ya pili, hali, halii, hasemi. Wakimsogezea uji anageuza uso. Niliogopa kwamba na yeye atatutoka.

Mchana akaingia mtani wetu, mama mmoja Mkonongo mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Siku hizi tunakodi maturubai na vipaza sauti, na watani wa namna ile siwaoni tena. Nawakumbuka mno.

Mtani yule alivaa koti la baba, akakohoa kama baba, akaketi kwenye kiti cha baba.

"Jamani nyie, mume huyu alikuwa mpole! Ugali hakuulalamikia hata siku moja. Mara mbichi, mara umeungua, anausifu hivyo hivyo mpaka sahani inabaki nyeupe!"

Damu ilinichemka, maana kila mtu pale alijua baba alivyoulalamikia ugali kila siku. Nilimvua lile koti mbele za watu, nikamwambia hana adabu, atoke. Akatoka akaenda zake.

Shangazi akanivuta pembeni. "Umefanya nini, mwanangu? Siku mbili tumeshindwa kumliza mama yako. Huyo uliyemfukuza ndiye tuliyekuwa tunamngoja."

Niliona aibu. Nilikimbia na koti mkononi, nikamkuta mtani kwenye njia ya mashamba ya mahindi, nikapiga magoti. Alinitazama taratibu.

"Mwalimu, adabu yako nimeipenda. Umemheshimu baba mpaka mama anakufa njaa. Hongera sana."

Hapo sikuhitaji ubao. Kila neno lilikuwa la sifa na kila neno lilinichoma, na bado nilijua ananihurumia. Tulirudi pamoja.

Alivaa koti tena, akaketi, akamgeukia mama. "Mke wangu, huku nilikokwenda ugali wao hauna kasoro hata moja. Sasa nitaongea nini?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani, halafu kile kicheko kikakatika, akaanguka kwenye magoti ya mtani, akalishika koti kwa mikono miwili. Akamwita baba kwa jina lake, jina ambalo katika miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilia mpaka jua likazama, na hatukumnyamazisha.