Esta, Mtoto Mnono wa Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya watoto mjini Arua, Uganda, sista mkuu alinikabidhi utepe wa kupimia unene wa mkono, kujua kama mtoto ana utapiamlo. Rangi nyekundu, mtoto alazwe. Njano, apewe chakula cha nyongeza. Kijani, aende nyumbani. Niliyashika hayo kama Baba Yetu. Tulipokea watoto mifupa mitupu waliokimbia vita, na mtoto mnene tulimpigia vigelegele.

Baadaye nilihamishiwa Koboko, ambako mganga mkuu wa kituo cha afya naye alikuwa mtu wa utepe. Ndipo akaja Mama Esta, muuza vitenge kutoka upande wa Kongo, akiwa amemshika mkono bintiye wa miaka miwili. Mashavu yalijaa, shingo haikuonekana. Utepe ulisoma kijani. Mganga akacheka, akamwambia mama amshukuru Mungu.

Mama hakucheka. "Muangalie muzuri," alisema. "Mutoto iko na nywele ya mutu mukubwa huku chini. Sauti imekuwa nzito. Anakula, anakula, lakini akitembea kidogo anachoka."

Akarudishwa nyumbani, na kila alipokuja tena akarudishwa. Wanawake kwenye foleni walimwona anaringa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tulikuwa na utepe.

Daktari wa watoto alipotutembelea kutoka Arua, Esta alikuwa anabebwa mgongoni. Daktari alimbonyeza taratibu chini ya mbavu. Kisha akatueleza: juu ya kila figo imekaa tezi ndogo inayotoa homoni, zile kemikali zinazouendesha mwili. Uvimbe ukiota pale, homoni humwagika ovyo. Mtoto hunenepa, presha hupanda, nywele za utu uzima humtoka angali mchanga. Uvimbe ukiwahiwa, hukatwa, na mtoto anaweza kupona. Picha ya tumbo iliyopigwa Arua ilionyesha uvimbe wa Esta umeshafika kwenye ini.

Mama aliuliza ampe nini sasa. Daktari akamjibu ampe chochote anachotaka.

Esta alitaka chakula, maana homoni zile huleta njaa isiyoshiba. Mama yake alimpikia ugali wa muhogo na samaki mpaka asubuhi ya mwisho.

Nimestaafu, naishi mtaa wa Oli, Arua, na vijana wa afya huja kuniuliza habari za zamani. Nawaambia utepe ni mzuri, lakini haujui kila kitu. Nasema hivyo na moyo unaniuma. Siku tuliyomzika Esta, pale kaburini mganga mkuu alimpa mama pole, akasema ugonjwa huu ni wa nadra, nani angejua.

"Mimi nilijua," Mama Esta akamwambia. "Nilimuleta kwenu akiwa anatembea."