Kesho nitaulizwa mbele ya watu kama mwanangu ni mzima

Asalaam alaykum admin. Naomba hii uiweke leo leo, kesho itakuwa imechelewa. Jina langu na kijiji vifiche, sema tu ni mama mmoja wa pwani ya Kilwa, maana huku tunajuana mpaka kuku. Nimeishia darasa la nne, mkikuta nimekosea mnivumilie.

Nina miaka arobaini na mbili, mjane, nauza maandazi na mihogo ya kukaanga. Mungu kanipa mtoto mmoja tu, wa kiume, ana miaka kumi na tisa. Mwanangu ana ugonjwa wa kuanguka. Ulimwanza mdogo tukasema degedege, baadaye hospitali wakaniambia ni kifafa, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Akivimeza vizuri anakaa hata mwaka hajaanguka. Hapa kijijini hakuna anayejua ila mimi na kaka yangu, mjomba wake. Nilificha kwa sababu kuna mtoto mwingine nilimwona, akianguka watu wanamkimbia eti povu lake linaambukiza, hata sahani yake ilikuwa inawekwa mbali na za wenzake. Nikasema wangu hapana.

Lakini kuficha nako kuna adhabu yake. Wenzake walianza kwenda baharini wangali wadogo, mimi nikamkataza, akiangukia majini nani atamwahi? Na sababu hawezi kuwaambia watu. Mtoto wa kiume wa huku asiyekwenda baharini anaitwa kila jina. Walikuwa wakipita hapa na samaki wao wanamwambia, "Vipi bi mdogo, maandazi yameiva?" Anacheka nao, akiingia ndani hali chakula.

Mwaka huu yakaja mafunzo ya mgambo kwa vijana. Akanijia akaniambia, "Mama, niruhusu. Huko ni nchi kavu." Jamani, lile neno lilinimaliza. Nikamwambia haya baba, nenda, ila vidonge umeze.

Mtoto akabadilika ndugu zangu. Mgongo ukanyooka. Adhana ya alfajiri inamkuta keshaamka, akitoka msikitini anaunga mchakamchaka. Akirudi ananipigia saluti jikoni, "Kuruti amerudi, anaomba chai, afande mama." Namjibu, "Chai ipo, andazi la biashara usiliguse." Wakamchagua kuongoza wenzake kwenye kwata, na wale wale wa bi mdogo sasa wanapanga mstari nyuma yake. Nilikuwa nakwenda uwanjani na beseni langu kama nauza, kumbe namtazama yeye.

Juma lililopita akaanguka jikoni, karibu kabisa na karai la mafuta ya moto. Nikamvuta, nikamlaza ubavu, nikakaa naye mpaka akarudi. Alipofumbua macho akasema, "Nimeteleza, mama." Nikamwambia, "Kuteleza gani baba, mpaka suruali imelowa?" Ndipo akanieleza vidonge kaviacha tangu mafunzo yaanze, kwa sababu vinampa usingizi na kiongozi hawezi kuwa wa mwisho kwenye kukimbia. Nami nilikuwa nikimsimamia asubuhi na jioni akimeza, kumbe anavificha chini ya ulimi kisha anavitema. Sasa ameanza tena, nahakikisha mpaka chini ya ulimi, lakini nesi alinionya zamani kwamba dawa hii ukiiacha, hairudi mwilini kwa siku moja.

Sasa makuruti wote wanaingia kambini kumalizia mafunzo, na huko watafundishwa kuogelea na kuokoa watu baharini. Bahari ile ile niliyomkataza tangu utoto. Na afande anayewafundisha, mtu mpole tu, katuita wazazi uwanjani kesho asubuhi. Anasema safari iliyopita kijana alibanwa na pumu kambini kumbe nyumbani walijua, kwa hiyo safari hii kila mzazi atasimama na mtoto wake, aseme kwa mdomo wake kama ni mzima. Mwenye maradhi anarudi nyumbani hapo hapo.

Nilimwambia mwanangu, acha nimfuate afande faragha. Hakunipandishia sauti, bora angenipandishia. Akasema, "Mama, nikirudishwa wataniuliza kwa nini, na safari hii watajua. Heri walivyokuwa wakinicheka hawajui." Kisha akapiga magoti akanishika miguu, akaniambia bila radhi yangu haendi, ila nikimnyima nijue atakaa humu ndani mpaka azeeke. Nikamshika kichwa nikalia tu, naye akaona ndiyo radhi nimetoa. Sikumsahihisha.

Nikaenda kwa kaka yangu. Akaniambia, "Funga mdomo. Ukimsema pale uwanjani umemuua yungali hai."

Nikamuuliza, "Na akifia majini?"

"Hiyo ni kazi ya Mungu."

"Mungu kanionyesha mimi kaka, nikamwona jikoni kwa macho yangu. Nikifumba mdomo nitamjibu nini?"

Kaka akaniambia niende nikalale, wanawake tuna maneno mengi.

Tangu jana sijala. Nikiwaza niseme, namwona anaondoka uwanjani kainamisha kichwa na wale wanamtazama. Nikiwaza ninyamaze, naliona karai lile, halafu naiona bahari, na mimi siko karibu nimvute.

Hivi ninavyoandika yuko uani na pasi ya mkaa, ananinyooshea kanga zangu za sikukuu, mwenyewe anaimba zile nyimbo zao za mchakamchaka. Ananiambia, "Kesho upendeze mama, utasimama na kiongozi."

Wa kucheka leo naomba wanipite. Mwenye mtoto kama wangu anijibu kwanza. Kesho mwanangu atakuwa amesimama ubavuni kwangu, kanyooka, mimi nimevaa kanga alizoninyooshea kwa mkono wake, na afande ataniuliza, "Mama, kijana wako ni mzima?" Niambieni, nimjibu nini?