Meno, Mikia na Mbwa Wangu Kamanda

Asubuhi niliyoanza kazi ya kutega, sikuwa natafuta kazi. Nilitoka Nakuru mjini na nusu mkate mfukoni, nikaona lori la viazi likirudi Molo tupu, nikamwomba dereva nafasi juu ya magunia matupu. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa maswali. Nilipofika Molo, nikiwa nimeganda kwa baridi, nilimwona mama mmoja amepiga magoti katikati ya shamba la viazi, mkono umezama ardhini hadi begani.

"Boss, unashangaa nini?" akaniuliza. "Kuja ushike hii waya."

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa shamba, bosi wangu wa kwanza. Alinionyesha mtego wa fuko, mnyama anayekula viazi chini kwa chini. Unaifukua njia yake ya chini ya udongo, unaweka kitanzi cha waya ndani, kisha unakifunga kwenye fito uliyoipinda juu ya shimo. Fuko hapendi hewa iingie kwake. Akija kuziba mwanya anagusa waya, na fito inafyatuka. Ilipofyatuka mara ya kwanza niliruka na kupiga kelele.

Msimamizi aliniwekea yule mnyama kiganjani. "Usiniambie ni panya. Niambie unaona nini."

Niliona macho madogo kama vichwa vya pini, masikio ambayo ni kama hayapo, mkia mfupi kuliko kidole, manyoya laini kuliko blanketi lolote nililowahi kujifunika. Meno ya mbele, yenye rangi ya chungwa, yalikuwa nje ingawa mdomo ulikuwa umefungwa. Midomo inakutana nyuma ya meno! Ndiyo maana anachimba kwa meno bila kumeza udongo.

"Sasa umeanza kazi," akasema.

Nilipochoka na Molo nilihamia Dundori, kwenye stoo ya mahindi, chini ya karani mmoja mwenye utani mwingi. Huko nilijifunza panya wa darini: mkia wake ni mrefu kuliko mwili, na sikio lake ukilikunja mbele linafika jichoni. Nilijifunza pia kindi wa mitini, ambaye kucha zake zimepinda kama ndoano na miguu yake ya nyuma hugeuka, ndiyo maana anaweza kushuka mti kichwa chini. Binamu yake wa ardhini, niliyemkuta baadaye sehemu kavu za bondeni, ana kucha ndefu zilizonyooka za kuchimbia, na manyoya makavu kama brashi ya viatu. Lakini wote wawili wana vidole vinne mbele na vitano nyuma. Nilivihesabu mara nyingi hadi karani akaniambia, "Wewe kijana utaoa panya."

Miaka ilienda hivyo, shamba hadi shamba, mbwa baada ya mbwa. Wa mwisho alikuwa Kamanda, mwekundu, mfupi, mwenye pua kali ajabu. Sisi wategaji tuna desturi moja: mnyama mpya akinaswa, mbwa ndiye wa kwanza kumnusa, ili kesho aijue harufu yake. Kamanda hakuhitaji kuambiwa.

Kazi ya mwisho ilikuwa karibu na Olkaria, kwenye kambi ya vibarua, ambako panya walikuwa wakitafuna nyaya. Asubuhi moja, sanduku langu la mtego lililokuwa karibu na miamba lilikuwa zito. Nikafungua mfuniko kidogo. Mnyama mkubwa kama paka mdogo, kichwa kidogo, manyoya marefu meusi na meupe, mikono ya kushikia matawi. Nilidhani ni mtoto wa nungunungu. Kisha shungi la mgongoni likasimama, manyoya yakagawanyika, na ubavuni ukatokea mstari wa nywele za kahawia. Kwa furaha nikafungua mfuniko zaidi. Kamanda akaingiza kichwa, akauma palepale kwenye mstari.

"Mzee! Toa hiyo dogi!" Meneja wa kambi alikuja mbio na jagi la maji. "Huyo ni panya wa sumu! Hutafuna gome la ule mti wa sumu ya mishale, anajipaka mate hapo ubavuni! Fungua mdomo wake, harakisha!"

Tulimwosha mdomo hadi jagi likaisha, tukaleta jingine. Mate yalimtoka kama povu la sabuni, miguu ikakakamaa, akaanguka. Panya yule akaondoka taratibu, bila haraka hata kidogo. Siku nzima nilikaa na mkono juu ya kifua cha Kamanda, nikiusikiliza moyo wake ukijikwaa. Kesho yake mchana aliinua kichwa, akalamba supu. Lakini miguu ya nyuma haikurudi sawasawa.

"Tafuta mbwa mwingine," meneja akasema. "Kazi bado iko."

Nikamwambia hapana, mimi nimestaafu. Nilijishangaa kusikia neno hilo.

Tuliondoka bila kujua tunakoenda, nikiwa nimembeba Kamanda ndani ya gunia. Tulishuka basi Gilgil kwa sababu yeye alikuwa na kiu. Mama wa vyumba vya kupanga alimtazama sana. "Mbwa mgonjwa? Hapana, mzee."

"Si mgonjwa, mathe. Aliuma panya mwenye sumu. Amebaki kuchechemea."

"Panya mwenye sumu! Uongo hata hujui." Alicheka, lakini akafungua mlango. Pazia kuukuu likatikisika, naye akaruka nyuma. "Panya! Nipe fagio!"

"Ngoja, mathe!"

Katika mkunjo wa pazia alijikunja kiumbe wa kijivu, mwili wa panya lakini mkia wa kindi, na kando ya macho alama nyeusi kama miwani. Umri wangu wote sikuwa nimemwona. Kamanda alikaza pua. Niliishika shingo yake kwa upole, naye akakaa.

"Wewe umekuja kupanga ama kuangalia panya?"

"Nitachukua chumba," nikasema. "Na pazia, tafadhali, usiliguse."